Betri chakavu Kaliua: Fedha ipo kwenye kukusanya, siyo kuyeyusha

KILA msimu wa masoko ya tumbaku unapoelekea ukingoni, wilaya ya Kaliua mkoani Tabora hupata wageni wengi wanaoifuata fedha ya mkulima. Wapo wauza mabati, wauza pikipiki, wauza redio na wauza vifaa vya sola. Mkulima aliyelipwa hununua paneli, betri, taa tatu au nne na waya za kuchajia simu, na nyumba iliyokuwa ikitegemea kibatari huanza kupata mwanga wa umeme wa jua.

Baada ya miaka michache betri ile huacha kukaa na chaji. Hutupwa nyuma ya nyumba, huhifadhiwa darini, au huuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa bei anayoitaja yeye mwenyewe. Ukijumlisha na betri za simu zilizovimba, za pikipiki, za kompyuta na za vibanda vya kuchaji simu, ni wazi kuwa mzigo wa betri chakavu vijijini unaongezeka mwaka hadi mwaka.

Wapo wafanyabiashara wadogo wanaojiuliza kama mzigo huo unaweza kuwa biashara, hasa betri za lithiamu ambazo habari zake husikika kila siku kuwa ni mali ya thamani duniani. Jibu fupi ni kwamba biashara ipo, lakini haipo pale ambapo wengi hudhani, na mtu anaweza kupoteza fedha ya msimu mzima wa tumbaku kwa kuingia mlango usio wake.

Betri mbili, biashara mbili

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni kwamba betri za risasi na betri za lithiamu ni bidhaa mbili tofauti, zenye soko tofauti na hatari tofauti.

Betri ya risasi ndiyo ile nzito yenye maji makali ya tindikali ndani yake, itumikayo kwenye magari, pikipiki, mashine na mifumo mingi ya zamani ya sola. Betri ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 12 hadi 20, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2025, bei ya risasi katika soko la madini la London ilikuwa ikizunguka kwenye dola 2,000 za Marekani kwa tani. Kwa hiyo betri ya kilo 15 yenye kilo tisa za risasi ina madini ya kiasi cha dola 18 kwa bei ya London, kabla ya kutoa gharama za usafiri, uyeyushaji na faida za watu wa kati. Ndiyo maana mnunuzi wake hakosekani.

Betri ya lithiamu ni nyepesi, na haifanani ndani. Hapa ndipo wengi hupotea. Betri za simu kwa kawaida hutumia madini ya kobalti, ambayo ndiyo yenye bei. Baadhi ya betri za kompyuta na pikipiki za umeme huchanganya nikeli, manganizi na kobalti. Lakini betri nyingi za taa za sola, na mifumo mingi mipya ya sola ya nyumbani, hutumia chuma na fosfeti. Hizi hudumu zaidi na si wepesi wa kushika moto kama zile nyingine, lakini hazina kobalti wala nikeli. Kwa mwenye kiwanda cha kuchakata, betri ya namna hiyo ina thamani ndogo sana, na wakati mwingine hudai alipwe ndipo aipokee.

Njia rahisi ya kuzitambua ni kusoma lebo. Seli iliyoandikwa volti 3.2, au betri iliyoandikwa volti 12.8, kwa kawaida ni ya chuma na fosfeti. Iliyoandikwa volti 3.6 au 3.7 kwa kawaida ni ya kobalti au mchanganyiko wake. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa zote amekwishapata hasara kabla ya kufunga gunia.

Hesabu ya tani moja

Katika karne ya 19, misafara iliyopita Tabora kuelekea Ujiji na Bagamoyo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha kilo 30. Njiani kulikuwa na hongo za kulipa kwa watawala. Kwa sababu hiyo walioendesha misafara walichagua pembe za ndovu: mzigo wenye bei kubwa kwa kila kilo. Mzigo wa bei ndogo haukuweza kulipa gharama ya kufika pwani.

Kanuni hiyo haijabadilika. Kutoka Kaliua hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 900, na mitambo mikubwa inayotenganisha madini ya lithiamu na kobalti ipo ng’ambo ya bahari, mingi ikiwa China, mingine Korea Kusini na Ulaya. Mwenye kukusanya Kaliua yupo mwanzo kabisa wa mnyororo huo, na kila anayemfuata atakata gharama yake kwanza.

Betri moja ya simu ina uzito wa gramu 40 hadi 50. Ili kupata tani moja, mnunuzi anahitaji betri 20,000 hadi 25,000. Akinunua kila moja kwa Sh200, tani hiyo itakuwa imemgharimu Sh4 milioni hadi Sh5 milioni kabla ya kulipa vijana wa kuzunguka vijijini, vifungashio, ghala, vibali na nauli ya mzigo. Ni miezi mingapi itapita kabla ya kufikisha idadi hiyo? Na fedha iliyolala ndani ya magunia kwa muda huo ingezalisha nini kama ingenunua mahindi, karanga au asali? Hayo ndiyo maswali ya kuuliza kabla ya kuuliza bei ya lithiamu duniani.

Bei isiyotabirika

Hatari ya pili ni bei. Mwishoni mwa mwaka 2022, bei ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilifikia kiasi cha dola 80,000 kwa tani. Kufikia katikati ya mwaka 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 10,000. Kobalti nayo ilipita dola 80,000 kwa tani mwaka 2022, kisha ikaporomoka hadi kiasi cha dola 21,000 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Tuchukulie mfano wa tani moja ya betri za simu yenye kilo 100 za kobalti. Kwa bei ya mwaka 2022, kobalti hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 8,000. Kwa bei ya mwanzoni mwa mwaka 2025, kobalti ile ile ilikuwa ya dola 2,100 tu. Mzigo haukupungua hata gramu moja, lakini robo tatu ya thamani yake ilikuwa imeyeyuka. Na hiyo ni bei ya chuma kilichokwishasafishwa. Anayeuza betri chakavu hulipwa sehemu tu ya thamani hiyo.

Baadaye bei ilipanda tena, na sababu yake ilitoka jirani. Februari 2025, Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, ilisimamisha usafirishaji wa madini hayo nje ili kuinua bei. Oktoba mwaka huo zuio liliondolewa na kuwekwa mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa imezidi mara mbili ya ile ya Februari. Kwa maneno mengine, uamuzi mmoja wa Kinshasa unaweza kumtajirisha au kumfilisi mtu aliyelundika betri za simu Kaliua, naye hana sauti yoyote katika uamuzi huo. Mkulima wa tumbaku anaielewa hali hiyo kuliko mtu mwingine.

Hata makampuni makubwa yameanguka. Li-Cycle ya Canada, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya urejelezaji wa betri Amerika Kaskazini, ilisimamisha ujenzi wa kiwanda chake kikuu huko Rochester, Marekani, Oktoba 2023 baada ya gharama kupita makadirio. Mei 2025 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Glencore mwaka huo huo. Northvolt ya Sweden, iliyotengeneza betri mpya na kuwa na kitengo cha kurejeleza za zamani, ilitangaza kufilisika Machi 2025. Makampuni hayo yalikuwa na wahandisi, mikopo na misaada ya serikali. Funzo lake kwa mjasiriamali mdogo si kwamba biashara haifai, bali kwamba sehemu ya kusafisha madini inahitaji mtaji mkubwa na uvumilivu wa miaka mingi.

Funzo la Owino Uhuru

Ikiwa lithiamu ni ngumu, basi kwa nini mtu asiyeyushe risasi hapo hapo kijijini? Chungu, mkaa na kuni vipo, na risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu. Wapo wanaofanya hivyo ili kupata vizito vya nyavu za uvuvi. Kwa macho ni biashara rahisi. Kwa hesabu kamili ni biashara ya hatari kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kaliua ina historia na madini hayo. Reli ya tawi inayoanzia mjini hapo kwenda Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi ulifungwa karibu mwaka 1960, reli ikabaki kubeba abiria, mahindi na mazao mengine. Risasi ya leo inapita njia hiyo hiyo ikiwa ndani ya betri.

Mfano wa karibu wa madhara yake upo Mombasa, nchini Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014 baada ya malalamiko ya muda mrefu. Moshi na maji machafu yaliingia majumbani, na vipimo vya damu vilionyesha watoto na watu wazima wamekwishaathirika na risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani hapo na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano ya wakazi na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliurejesha. Waliobebeshwa mzigo si kampuni peke yake; zimo pia taasisi za serikali zilizoruhusu kiwanda kufanya kazi bila kusimamia sheria. Mfanyabiashara, diwani au ofisa wa halmashauri anayedhani kwamba suala la betri ni dogo anapaswa kuisoma kesi hiyo.

Huko Senegal mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika eneo la Thiaroye-sur-Mer karibu na jiji la Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na risasi iliyotokana na kuvunja na kuyeyusha betri majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyeathirika hupungukiwa uwezo wa kujifunza, na uharibifu huo haurudi nyuma hata akipewa dawa.

Kwa wilaya ya wakulima na wafuga nyuki, hasara haiishii kwenye afya. Vumbi la risasi hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi, na tindikali inayomwagwa huingia kwenye visima vifupi. Sehemu ya Kaliua imo katika bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Asali na samaki wa eneo hilo huuzwa kwa jina lao zuri, na jina likichafuka haliwezi kusafishwa kwa siku moja.

Kanuni hapa haina mjadala: betri ya risasi inunuliwe ikiwa nzima, isimwagwe maji yake, isipasuliwe, isimamishwe wima kwenye chombo cha plastiki kisichovuja, na iuzwe nzima kwa kampuni yenye kibali. Mnunuzi wa jumla anayesisitiza betri zimwagwe maji kwanza ili zipungue uzito anamhamishia mwenzake sumu na kubaki na faida.

Moto ghalani

Betri ya lithiamu haina risasi, lakini ina moto. Ikitobolewa, ikipondwa, ikipata joto kali au vichwa vyake viwili vikigusana na chuma, joto la ndani hupanda lenyewe mpaka inalipuka na kuwasha zilizo jirani. Moshi wake una gesi zenye sumu. Betri iliyoumia asubuhi inaweza kuwaka usiku, na betri iliyozimwa inaweza kuwaka tena.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi pale ambapo mtu anatumia ghala la kawaida. Ghala la chama cha msingi huwa na mbolea, viuatilifu na marobota ya tumbaku. Kuweka magunia ya betri za simu humo ni kuhatarisha mali ya wanachama wote. Mbolea zenye naitreti huchochea moto, na tumbaku kavu haihitaji kuchochewa. Chini ya bati la Kaliua mwezi Oktoba, kabla ya mvua, joto la mchana peke yake ni tatizo.

Wataalamu wa usalama hushauri mambo yafuatayo. Vichwa vya kila betri vifunikwe kwa utepe wa plastiki. Zilizovimba zitengwe na nzima, ziwekwe kwenye mchanga mkavu ndani ya pipa la chuma, na mfuniko usibanwe ili gesi ipate pa kutokea. Banda liwe la matofali, lenye kivuli na hewa, mbali na nyumba za kulala, na lenye mchanga na maji mengi karibu. Ikiwaka, maji mengi hupoza na kuzuia moto usienee, lakini mtu asisimame kwenye moshi. Asiwepo wa kupasua betri kwa kisu wala kuichoma ili kuona kilichomo.

Vibali na mali ya wizi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2021 za taka hatarishi na za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinamtaka anayekusanya, kuhifadhi, kusafirisha au kupeleka nje taka hizo awe na kibali. Leseni ya biashara ya halmashauri na namba ya mlipakodi pekee hazitoshi. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel tangu mwaka 1993. Shehena ya taka hatarishi haivuki mpaka mpaka nchi inayopokea na zinazopitiwa ziridhie kwa maandishi. Tangu Januari 1, 2025 mkataba huo unagusa taka zote za elektroniki, hata zisizo hatarishi.

Kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni moja: asiote kuuza China moja kwa moja. Njia ya uhakika ni kuwa wakala wa kampuni iliyokwisha kupata vibali, kwa mkataba wa maandishi unaotaja aina ya betri, bei ya kila aina, nani analipa usafiri na nani anawajibika mzigo ukiwaka njiani. Kuficha betri ndani ya mizigo mingine kwenye treni au basi ni kosa, na ni kuhatarisha maisha ya abiria.

Hatari nyingine ni mali ya wizi. Betri za minara ya simu, za taa za barabarani na za sola zilizokopeshwa kwa malipo ya kidogo kidogo zina wenyewe. Mkopaji akishindwa kulipa, kifaa bado ni mali ya kampuni. Mnunuzi asiye na daftari anaweza kujikuta polisi kwa kosa la kupokea mali ya wizi. Kila anayeleta betri aandikwe jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, aina na idadi ya betri. Betri kubwa za aina moja zikiletwa kumi usiku na kijana asiye na maelezo, faida yake si faida.

Fursa ilipo

Pamoja na hayo yote, biashara hii ina nafasi ya kukua, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, mzigo utaongezeka. Betri zinazouzwa leo ni chakavu za miaka ijayo. Pikipiki za umeme zimeingia Afrika Mashariki. Kampuni ya Ampersand ilianza kuzitumia kibiashara Kigali mwaka 2019 na baadaye ikaingia Nairobi. Pikipiki hizo hutumia betri kubwa kuliko za taa, na pale zinapochoka kuendesha chombo bado zina nguvu ya kutosha kuwasha nyumba.

Pili, sheria za wanunuzi wakubwa zinabadilika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka, kuanzia mwaka 2031, betri kubwa zinazouzwa huko ziwe na sehemu ya madini yaliyorejelezwa: angalau asilimia 16 ya kobalti na asilimia 6 ya lithiamu na ya nikeli. Watengenezaji watalazimika kutafuta betri chakavu hata pale bei ya madini ikiwa chini.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu zaidi mtu wa Kaliua, betri nyingi zinazotupwa hazijafa zote. Betri ya sola ya volti 12.8 ina seli nne zilizofuatana. Mara nyingi inayoharibika ni seli moja au saketi ya ulinzi, na nyingine huwa nzima. Anayeweza kupima, kutenga na kuunganisha upya hauzi madini kwa bei ya London. Anauza mwanga kwa bei ya Kaliua. Katika nchi jirani za Kenya na Rwanda zipo tayari kampuni zinazokusanya taka za elektroniki na kutengeneza betri kwa matumizi ya pili.

Hesabu ya karakana

Tuchukulie mfano wa kikundi cha vijana wanne wenye fundi mmoja. Wananunua betri 100 za chuma na fosfeti zilizochoka, kila moja Sh3,000, jumla Sh300,000. Zina seli 400. Baada ya kupima, nusu zinafaa, yaani seli 200, zinazotosha betri 50. Kila betri inahitaji saketi mpya ya ulinzi ya Sh5,000 na kazi ya Sh4,000, jumla Sh450,000. Gharama yote ni Sh750,000, sawa na Sh15,000 kwa kila betri.

Wakiuza kwa Sh25,000 kwa dhamana ya miezi mitatu, na betri 10 zikarudishwa na fedha ya mteja ikalipwa, mapato yatakuwa Sh1 milioni na faida Sh250,000. Zikirudishwa 20, mapato ni Sh750,000 na faida ni sifuri. Zaidi ya hapo ni hasara. Bei za mfano huu kila mtu aweke za kwake, lakini umbo la hesabu halibadiliki: faida ya karakana hii haiamuliwi na bei ya kununulia, bali na umakini wa kupima.

Kupima nako kuna utaratibu. Seli ichajiwe mpaka ijae, ipumzike, kisha iunganishwe na mzigo unaojulikana na muda uhesabiwe. Seli iliyoandikwa saa-ampea 6 ikitoa ampea moja kwa saa 4.8, imebakiwa na asilimia 80 na inafaa. Ikitoa saa mbili, itengwe. Seli zenye uwezo unaokaribiana ndizo ziunganishwe pamoja, kwani moja dhaifu huziangusha zote. Seli ya volti 3.2 isichanganywe kamwe na ya volti 3.7, na chaja ya moja isitumike kwa nyingine. Kosa hilo ndilo huwasha nyumba za watu.

Zinabaki seli 200 mbovu. Ikiwa kila moja ina gramu 140, ni kiasi cha kilo 28 ambazo karibu hakuna atakayezilipia. Hizi hazitupwi shimoni. Mkataba na kampuni ya kukusanya uzitaje, ikiwezekana ichukue mbovu hizi pamoja na betri za simu na za risasi zenye bei, ili mzigo mmoja ulipie mwingine. Anayekubali kuuza vizuri tu na kubakiza vibaya atajikuta na jaa la betri linaloongezeka kila mwezi.

Kwa anayetaka kuanza, hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi. Afike ofisi ya mazingira ya halmashauri aulize vibali. Atafute mnunuzi mwenye kibali kabla ya kununua betri ya kwanza, siyo baada ya ghala kujaa. Amfikie fundi aliyesoma umeme VETA au aulize mafunzo SIDO. Aanze na betri za risasi nzima kwa kamisheni, kwa kuwa soko lake lipo, huku akijifunza kupima lithiamu kidogo kidogo. Vyama vya msingi navyo vinaweza kusaidia kwa kutangaza siku ya kukusanya betri wakati wa masoko, ambapo wakulima hufika na usafiri unaorudi tupu huwa wa bei nafuu, mradi tu mzigo huo usiingizwe kwenye ghala la mbolea na tumbaku.

Fedha ya kuanzia iwe ile ambayo familia inaweza kuikosa kwa miezi sita bila kukosa ada wala chakula. Na kila betri inayoingia na kutoka iandikwe, kwani wahenga walikwishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika biashara hii kinachoweza kupotea bila daftari si mali peke yake, bali na uhuru wa mwenyewe.